Kustaafu Jangwani Marekani: Kautazame Mji Mwezi Julai

Kila ikifika Januari, simu za kutoka Minneapolis na Columbus huingia Dar na malalamiko yaleyale. Theluji imejaa mlangoni, magoti yanauma, bili ya kupasha nyumba joto haishikiki. Mtu amebeba maboksi ujana wake wote, mafao sasa yako karibu, na kuna ndugu kamwambia kwamba Arizona jua linawaka mwaka mzima na nyumba hazina bei ya kutisha. Ndugu hakudanganya. Tatizo ni kwamba alikwenda Januari.

Mji wa jangwani huchaguliwa kwa Julai. Januari miji yote hiyo ni mizuri: anga la buluu, sweta jepesi asubuhi, mchana unaota jua kibarazani. Sasa sikia Julai. Mwaka 2023, Phoenix ya Arizona ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuvuka nyuzi 43 za Selsiasi, na kaunti ya Maricopa, yenye mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyotokana na joto mwaka huohuo. Kati ya waliofia ndani ya nyumba, wengi walikuwa na kiyoyozi ukutani au juu ya paa; hakikuwa kinafanya kazi tu.

Sisi wa Dar tunajidai joto tumezaliwa nalo. Joto letu ni la fukuto: unatoka nyumbani Sinza ukiwa umeoga, ukifika kituoni shati limeshagandana na mgongo. Kule jasho linakauka kabla hujaliona. Shati kavu, ngozi kavu, midomo inapasuka, na mwili unapoteza maji bila kukupigia hodi. Mzee anayemeza dawa za presha za kukojosha maji yuko hatarini maradufu, na hilo azungumze na daktari wake kabla ya kuhama, si baada ya kuanguka. Gari likilala juani saa moja tu, chuma cha mkanda wa kiti kinababua kidole na usukani unashikwa kwa kitambaa. Shughuli za nje hufanywa alfajiri. Ukizoea kwenda sokoni mchana kweupe, utajifunza upya.

Kwa hiyo kabla ya bei, tazama mwinuko. Ni ileile tofauti ya Tanga mjini na Lushoto: jua ni moja, ila kadiri unavyopanda ndivyo unavyopumua. Phoenix iko mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, Tucson, nayo ya Arizona, kama 730, El Paso ya Texas na Las Cruces ya New Mexico zimevuka 1,100, na Albuquerque, pia ya New Mexico, inakaribia 1,600. Wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni nyuzi 41 Phoenix, 38 Tucson, 35 hivi Las Cruces, na 33 au 34 Albuquerque. Nyuzi tatu au nne zinaonekana chache kwenye karatasi. Kwa mtu wa miaka sabini, ndizo zinazoamua kama atatoka kutembea jioni au atajifungia ndani hadi Septemba. Albuquerque nayo ina deni lake: baridi ya kweli, na theluji kidogo miezi ya Desemba na Januari. Kama ulikuwa unakimbia theluji, ndiyo hiyo tena.

Yuma ya Arizona inasifiwa kwa jua kuliko karibu mji wowote duniani, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini iko chini kabisa, karibu na usawa wa bahari, na wastaafu wengi huenda huko na nyumba zao za magurudumu majira ya baridi, kisha huondoka joto likianza. Waige. Palm Springs ya California ni ya wenye fedha, tuiache.

Kwa bei za nyumba, El Paso na Las Cruces kwa kawaida ni nafuu kuliko Tucson, na Tucson ni nafuu kuliko Phoenix. Hapo kwenye kodi ndipo watu hujikwaa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na dalali wa El Paso atalitaja hilo kabla hujakaa. Hatataja haraka kwamba kodi ya majengo Texas ni nzito, na inakuja kila mwaka hata kama nyumba umeimaliza kulipa. Ukifika miaka 65, jimbo hukupa nafuu ya kodi ya shule, sehemu ya hiyo kodi ya majengo, kwa nyumba unayoishi, na kiwango chake hakipandi kiholela, lakini lazima uombe, haiji yenyewe. Arizona inatoza kodi ya mapato ya asilimia 2.5 kwa wote, na pensheni ya Social Security, ile ya serikali ya Marekani, haiigusi. New Mexico nayo imeisamehe pensheni hiyo tangu mwaka 2022 kwa wenye kipato cha kawaida: asiyezidi dola 100,000 kwa mtu mmoja, au 150,000 kwa mume na mke wanaojaza fomu pamoja.

Ukiipenda nyumba, mwombe mwenyewe bili za umeme za Juni hadi Septemba. Za mwaka mzima zikijumlishwa zitakudanganya, kwa sababu miezi ya baridi inashusha wastani. Kisha uliza umri wa kiyoyozi. Mashine ya nje huwa na kibandiko chenye mwaka wa kutengenezwa. Ya miaka kumi na tano, weka bei ya mashine mpya kwenye hesabu yako ya kununua nyumba. Utakuta pia nyumba za zamani zenye kipoza hewa kinachotumia maji na feni badala ya gesi. Kinakula umeme kidogo na Mei au Juni kinafaa sana, hewa ikiwa kavu. Mvua za kiangazi zikianza, kwa kawaida Julai, hewa inabeba unyevu na kile kipoza kinabaki kukupulizia fukuto la Kariakoo sebuleni.

Jihadhari na nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori, zikawekwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Bei yake inavutia, na wastaafu wengi hununua. Lakini nyumba ni yako na ardhi si yako. Pango la kiwanja likipanda, kuihamisha nyumba ni gharama kubwa. Zile za zamani, zenye kuta nyembamba, ni miongoni mwa sehemu ambazo joto limeua watu zaidi kuliko idadi yake ingetarajiwa.

Halafu kuna mitaa ya wazee. Sun City, karibu na Phoenix, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, na tangu hapo miji ya namna hiyo imezagaa jangwani: viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, kliniki karibu, kimya. Sheria ya Marekani inairuhusu kuwataka wakazi wawe na miaka 55 kwenda juu, mradi angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa ziwe na mtu wa umri huo. Kwa mzee wa Kizungu ni raha. Kwa familia zetu, soma kanuni kabla ya kusaini. Mjukuu anaruhusiwa kukutembelea, si kuhamia. Mpwa anayetoka Tabata kuja kusoma chuo huenda asiruhusiwe kufikia kwako akakaa mpaka atakapopata chumba. Kuna na ada ya kila mwezi ya chama cha wenye nyumba, ambacho kinaweza kukuandikia barua kwa sababu ya rangi ya geti. Mimi nisingekaa huko hata kwa nusu ya bei, lakini nawajua wanaofurahi.

Maji sasa. Mtu aliyekulia Dar hahitaji kufundishwa maana ya simtank. Mwisho wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, mgao ulirudi na maboza yakapandisha bei. Jangwani bomba halikatiki namna hiyo, ila yapo ya kujua. Phoenix na Tucson hupata sehemu kubwa ya maji yao kutoka Mto Colorado kwa mfereji wa kilomita zipatazo 540, yakisukumwa na mitambo kupanda zaidi ya mita 800. Mto huo umepungua kiasi kwamba mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi upungufu kwa mara ya kwanza, na mgao wa Arizona ukakatwa kuanzia 2022. Waliokatwa zaidi mwanzoni walikuwa wakulima. Wenye nyumba walioumia ni wale waliofuata bei rahisi nje ya mipaka ya miji. Kitongoji cha Rio Verde Foothills, jirani na Scottsdale, kilikuwa na mamia ya nyumba nzuri zinazoletewa maji kwa malori. Tarehe 1 Januari 2023 mji wa Scottsdale uliacha kuwauzia, na watu wenye majumba ya maana wakaanza kuogea ndoo. Swali la kumuuliza dalali ni moja: nyumba hii imeungwa na mtandao wa maji wa mji gani? Akikujibu habari za kisima au lori, aga kwa heshima.

Kuna jambo ambalo matangazo ya nyumba hayalitaji, nalo linatuhusu sisi zaidi. Udongo wa Arizona una kuvu anayerushwa na vumbi na kuleta ugonjwa wa mapafu unaoitwa Valley fever. Si ile homa ya Bonde la Ufa ya mifugo tunayoijua huku. Ni kitu kingine kabisa, na hauambukizwi na mtu. Wengi hupona bila hata kujua. Lakini watu weusi wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kutoka mapafuni na kusambaa mwilini, na wenye kisukari huweza kuugua vibaya. Ukikohoa wiki tatu, una homa na uchovu usioisha, mwambie daktari wazi kwamba unaishi Arizona na uombe kipimo cha damu cha ugonjwa huo. Siku ya tufani la vumbi, funga madirisha, kaa ndani.

Upande wa Dar, Arizona ina neema moja ndogo: haibadilishi saa, isipokuwa eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko. Tofauti ni saa kumi mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili usiku ya Tucson ni saa kumi na mbili asubuhi ya hapa, na mama anapatikana kabla hajatoka. Safari ndiyo ndefu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Marekani hadi Dar, na kutoka Tucson au Las Cruces tegemea kubadilisha angalau mara mbili.

Wanaopanga kugawa mwaka, nusu jangwani nusu Mbezi, wafanye hesabu ya matibabu kwanza. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, huanza miaka 65 na, isipokuwa kwa mambo machache sana, hailipi hospitali za nje ya Marekani. Ukilazwa Dar unalipa mwenyewe au kwa bima nyingine. Wengine huamua kuiacha sehemu B ya Medicare, inayolipia madaktari na matibabu ya bila kulazwa, ili kuokoa ile ada ya kila mwezi, iliyokuwa dola 185 mwaka 2025. Ukirudi baadaye, ada inaongezwa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliokaa nje ya mpango, na nyongeza hiyo haiondoki. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya miezi sita ataulizwa maswali uwanjani, na akipitisha mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuipoteza. Aliyechukua uraia wa Marekani, kama alikuwa Mtanzania, haruhusiwi kubaki na ule wa Tanzania, kwa hiyo aulize kwanza masharti ya kuingia nyumbani. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaruhusiwa kubaki na uraia wa nchi zote mbili.

Kuhusu watu wa kukaa nao: Phoenix na Tucson zimepokea wakimbizi wengi wa Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili kinasikika madukani na makanisani kuliko unavyodhani. El Paso na Las Cruces utajifunza Kihispania. Kuwa na watu wa kwenu karibu si jambo la starehe tu. Kusafirisha maiti hadi Dar hugharimu maelfu ya dola, na kazi hiyo huangukia kikundi cha watu wa nyumbani. Uliza kikundi cha mji huo kama kina mfuko wa misiba, na mwanachama mpya anaanza kuhesabiwa baada ya muda gani.

Mimi ningeanza na Tucson, kwa sababu ya hospitali ya chuo kikuu na watu, kisha Las Cruces kwa anayetaka bei ya chini na yuko tayari kwenda El Paso, kilomita 70 na ushei, akihitaji daktari bingwa. Vyovyote utakavyoamua, usinunue bila kwanza kukaa nyumba ya kupanga mwezi mzima wa Julai. Wageni wa majira ya baridi wanakuwa wameshakimbia na nyumba za kupanga ziko tupu, kwa hiyo usilipe bei ya kwanza utakayotajiwa.