Saa 8 za kusubiri ndege Dubai: nenda Deira, mtaa wa masoko

Kwanza hakikisha viza. Paspoti yako ikihitaji na huna, hutoki uwanjani. Teminali 1 na 3 zina stesheni ya metro, Teminali 2 haina. Nunua kadi ya Nol ya kulipia nauli, panda laini nyekundu, badilisha treni stesheni ya Union, shuka Al Ras kwenye laini ya kijani. Usile wala kunywa behewani: faini dirhamu 100. Masoko ya dhahabu na viungo yako jirani. Kisha vuka hori kwa abra, mashua ya abiria. Dirhamu 1 taslimu, unampa nahodha mkononi. Mnara wa Burj Khalifa achana nao, foleni tu itakumaliza. Jumapili asubuhi metro huchelewa kuanza. Uwe umerudi uwanjani zikiwa zimebaki saa 3 kabla ya kuruka.