SOMO: Kusoma takwimu za rangi na asili za watu kaunti kwa kaunti (mfano Texas)

Wakuu, swali la "kaunti gani Texas ina watu weusi wengi" limeulizwa humu hadi limechakaa, na kila baada ya muda mtu anabandika mchoro wenye jumla inayopita asilimia mia. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena atapewa kiungo cha uzi huu bila hata salamu.

1. Ingia data.census.gov, tovuti ya idara ya sensa ya Marekani. Ni bure, huhitaji akaunti.

2. Chagua sensa ya 2020, ile kamili ya kila miaka kumi.

3. Kwenye maeneo, chagua kaunti, kisha Texas, kisha zote. Ziko 254. Ukiona moja tu umebonyeza pasipo.

4. Fungua jedwali P2, lile la faili liitwalo Redistricting Data (PL 94-171). Sikusema P1.

Hapa ndipo watu huzama, kwa hiyo soma taratibu. Fomu ya Marekani ina maswali mawili tofauti: moja linauliza kama wewe ni Mlatino (Hispanic or Latino, yaani mwenye asili ya Mexico, Amerika ya Kati na Kusini, au Hispania), la pili linauliza rangi yako. Mlatino anajibu yote mawili. Anaweza kuwa Mlatino mweupe, Mlatino mweusi, au Mlatino aliyejiandika "rangi nyingine". P1 inahesabu rangi tu, Walatino wakiwa wametawanyika ndani ya kila safu. Ukichukua P1 halafu ukaongeza safu ya Walatino pembeni, umewahesabu mara mbili. Texas ilikuwa na watu 29,145,505, na Walatino ni asilimia 39.3, maana yake mchoro wako utafika asilimia 139.3. P2 inawatoa Walatino kwanza, halafu inawagawa waliobaki kwa rangi, na jumla inakaa sawa.

TAHADHARI: safu za "mweupe" kwenye majedwali haya mawili si watu walewale. Kwa P1, weupe peke yao Texas ni 14,609,365. Kwa P2, weupe wasio Walatino ni 11,584,597. Tofauti ni zaidi ya watu milioni tatu. Andika chini ya mchoro wako umetumia ipi.

5. Gawa kila safu kwa jumla ya watu wa kaunti hiyohiyo, zidisha mara 100.

6. Usipake ramani rangi kwa idadi. Paka kwa asilimia. Kwa idadi, Harris yenye watu 4,731,145 itang'aa kwa kila kundi na hutajifunza kitu. Kwa asilimia ndipo utaona kusini kwenye mpaka wa Mexico, mfano Starr na Webb, Walatino ni zaidi ya tisa kwa kila kumi. Utaona watu weusi wakiongezeka ukielekea mashariki, upande wa Louisiana. Na utaona Fort Bend, pembeni ya Houston, ambako makundi yanakaribiana kuliko karibu popote jimboni.

7. Kabla hujashangaa kaunti ya mashambani kuwa na weusi au Walatino wengi, angalia kama ina gereza. Sensa inamhesabu mfungwa pale alipofungwa, si kwao. Walker, ambako kuna mji wa Huntsville na magereza yake, ndiyo mfano wa kwanza wa kujifunzia.

8. Kaunti ndogo mno ziache. Loving ilikuwa na watu 64. Idara ya sensa huchanganya tarakimu kidogo kwa makusudi ili watu wasitambulike, na kwenye watu 64 huo mchanganyo ni mkubwa.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Dume la Mbagala: Mkuu somo zuri ila refu. Nitajie tu kaunti tano zenye weusi wengi.

Mwandishi: Hatua ya 1 hadi ya 5.

Dume la Mbagala: Dah, hasira za nini sasa.

Mwandishi: Tena hujasema wengi kwa idadi au kwa asilimia. Hatua ya 6.

Kigogo_Dallas: Hapa umepotosha. Nimeona video, wazungu Texas wameporomoka toka asilimia 70 hadi 50 ndani ya miaka kumi. Wewe mbona hulisemi?

Mwandishi: Sikulisema kwa sababu halikutokea hivyo. Kweli weupe peke yao walikuwa asilimia 70.4 mwaka 2010 na 50.1 mwaka 2020. Lakini "rangi zaidi ya moja" iliruka kutoka asilimia 2.7 hadi 17.6. Fomu ya 2020 iliongeza nafasi ya kuandika asili chini ya mweupe na chini ya mweusi, na namna ya kuyaainisha majibu ikabadilika. Mtu aliyeweka alama mweupe kisha akaandika Mexico alihamishiwa rangi zaidi ya moja. Ni yuleyule, nyumba ileile. Sasa tazama weupe wasio Walatino: 11,397,345 mwaka 2010, 11,584,597 mwaka 2020. Waliongezeka. Kilichoshuka ni fungu lao, kwa sababu wengine waliongezeka zaidi. Aliyetengeneza video alilinganisha P1 ya 2010 na P1 ya 2020 bila kusoma fomu.

Kigogo_Dallas: Sawa, ila ungeliweka kwenye somo.

Mwandishi: Limeshawekwa, limo hapa juu.

Mama Neema: Habari za leo kaka. Sisi Wakongomani tupo Abilene, hukuhuku Texas, na familia nyingi tunazijua kwa majina, ila kwenye jedwali sioni hata dalili yetu. Tunaingia wapi?

Mwandishi: Njema dada, karibu sana, swali hili ndilo nililolingojea. Kwenye P1 na P2 mmo ndani ya "mweusi au Mmarekani mweusi", pamoja na ambao mababu zao waliletwa Texas utumwani. Kuwatenganisha kuna njia tatu. Kwanza, faili la kina la sensa ya 2020 lililotolewa Septemba 2023, linahesabu yale watu waliyoandika kwa mkono: Mkenya, Msomali, Mkongo na kadhalika. Ila aliyeweka alama bila kuandika kitu hayumo. Pili, jedwali B05006 la nchi ya kuzaliwa. Watoto waliozaliwa Abilene wanahesabika wazaliwa wa Marekani, usiwatafute humo. Tatu, B16001 la lugha ya nyumbani, ambalo lina mstari wa Kiswahili, lakini umeunganishwa na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Hilo litumie kwa jimbo zima.

Jihadhari na B04006 la asili: Kenya na Uganda zina mistari yao, Tanzania na Kongo hazina.

Mama Neema: Asante sana. Hayo majedwali ya B yana namba ya ziada yenye alama ya ±, ni ya nini?

Mwandishi: Hayo si hesabu ya kila mtu, ni sampuli ya utafiti wa kila mwaka wa idara hiyohiyo ya sensa (American Community Survey). Ukiona 120 na ±110, hujui kama ni kumi au mia mbili. Kwa kaunti yako chukua ya miaka mitano iliyounganishwa. Ya mwaka mmoja hutolewa tu kwa maeneo ya watu 65,000 na kuendelea.

Bin Said: Na sisi wa Zanzibar wenye asili ya Oman? Mke wangu kaandika mweusi, mimi sikujua niandike nini.

Mwandishi: Kila mtu anajiandika anavyojiona, hakuna wa kukupinga. Kwa kanuni za serikali ya Marekani za 1997, asili ya Mashariki ya Kati iliwekwa kwa weupe. Machi 2024 kanuni zilibadilishwa: Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini limekuwa kundi lake, na maswali mawili yameunganishwa kuwa moja. Ndiyo kusema kulinganisha na miaka ijayo kutakuwa kazi nyingine.

Dume la Mbagala: Kwa nini Bongo hatuna hizi?

Mwandishi: Sensa ya 2022 Tanzania haikuuliza kabila. Kenya waliuliza 2019.

Mwanafunzi_UH: Mkuu nimeunganisha na ramani, Texas imekubali. Nimejaribu Alabama, kaunti zote tupu.

Mwandishi: Namba ya utambulisho ya Texas huanza na 48, Harris ni 48201. Alabama huanza na 01, na Excel hula hiyo sifuri. Ifanye safu iwe maandishi kabla ya kufungua faili, si baada.