Jinsi ya kusuka mpira wa mgomba kama tulivyosuka sisi Bukoba

Mwanangu ana miaka 8 na ana mipira mitatu ya dukani, ila juzi kaniuliza baba nyie mlikuwa mnachezea nini, nikamwambia subiri tukienda kwa bibi likizo ntakuonyesha. Tumeenda, tumeusuka, sasa naweka hapa kwa yeyote mwenye mgomba karibu maana hata wadogo zangu nimekuta hawajui.

Kwanza ingia kibanjani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Usiguse mgomba mbichi, utachapwa. Tafuta yale magamba makavu ya kahawia yanayoning'inia kwenye shina, yachane kwa mkono upate kamba za upana wa kidole. Nenda asubuhi mapema umande ukiwepo, zinakuwa laini hazikatiki, ukienda mchana itabidi uzinyunyizie maji uziache kama nusu saa hivi.

Cha ndani ni majani makavu ya mgomba, yafikiche, yabane yawe kama chungwa kubwa halafu vika soksi. Sisi tulikuwa tunazungushia rambo ila rambo zilipigwa marufuku nchi nzima 1 Juni 2019 kwa hiyo soksi inatosha. Ukitaka udunde weka baputo katikati. Sie baputo zetu zilikuwa kondomu, zahanati walikuwa wanagawa bure na wakubwa wengi wanazionea aibu, basi tunapuliza, tunafunga fundo, tunazungushia matambara taratibu isipasuke, mpira unaruka mpaka juu ya bati. Mjomba wangu alitukuta siku moja akacheka mpaka akakaa chini, kesho yake akatuletea boksi zima. Tukamuona bonge la mtu.

Sasa kusuka, hapa ndo watu wanaharibu. Zungusha kamba ya kwanza kama unafunga mzigo, wima mara nne, afu igeuze uzungushe kwa ulalo mara nne, na kila kamba zinapokutana piga fundo dogo, usiruke hata moja, fundo ndo linashika mpira, ukiona uvivu kwenye mafundo huo mpira utafumuka kwenye penati ya kwanza. Kamba ikiisha usiifunge na nyingine kwa fundo kubwa, zisokote pamoja pajani ziwe moja. Endelea mpaka usione soksi. Mpira mmoja sisi ulikuwa unatuchukua mchana mzima, mimi na mwanangu umetuchukua siku mbili, mgongo nao siku hizi si ule.

Halafu wachezaji. Hili nilikuwa sijawahi kulifikiria mpaka mtoto aliponiuliza mlikuwa wangapi. Siku za kawaida tulikuwa watoto watano tu pale nyumbani, hata timu haitoshi. Timu ilikuwa inajaa kukiwa na msiba. Binamu wanakuja toka Muleba, toka Karagwe, wengine toka Mwanza na meli, tunalala kwenye majani kumi kumi, kuna chakula sufuria kubwa, hakuna shule, tunacheza kumi na moja kwa kumi na moja kabisa na mtu wa akiba anabaki. Mimi nilikuwa naipenda misiba. Nilikuwa namuuliza bibi, bibi lini tena watakuja? Mama wa watu ananiangalia tu, ananiambia kalete maji.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983, hayo nimekuja kuyasoma nikiwa mtu mzima. Sisi tulisikia wakubwa wanasema Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinatoka Uganda, nikadhani ni dada fulani ana roho mbaya. Na kwetu watu wanazikwa kibanjani hapo hapo nyuma ya nyumba, kwa hiyo vile vilima vipya vya udongo kwetu vilikuwa magoli, viwili huku viwili kule. Mjomba wa boksi alizikwa 1992 na ile ndo ilikuwa mechi yetu bora, tulishinda tano mbili. Jioni nikaenda kumtafuta nimwambie matokeo. Nilifika mpaka mlango wa chumba chake.

Baada ya hapo sikusuka tena, nilisema nimekua, nilikuwa na miaka 10.

Ukimaliza usiuanike juani utapasuka, uweke kivulini usiku mmoja. Ukikauka sana unyunyizie maji kidogo kabla ya mechi. Usiuchezee kwenye lami, kamba zinalika siku moja tu, nyasi au udongo ndo kwake.

Tuliucheza kibanjani mimi na yeye, nikaweka magoli ya ndala. Akaona vilima vile vya zamani vimeota majani akasema baba si tutumie hivi hapa, viko viwili viwili tayari. Nikamwambia hapana, ndala zinatosha.