Jina la Mji wa Ufukweni Lilitoka Wapi? Namna ya Kulifuatilia

Ukitaka kujua asili ya jina la mji mdogo wa mapumziko, usianze kwa mwenye hoteli. Hadithi yake huwa tamu, na haikosi binti mfalme au jahazi lililozama. Mimi huanza na swali moja: jina hili walilitoa wavuvi au wauza viwanja?

Tafuta ramani iliyochorwa kabla reli na hoteli hazijafika. Jina lisipokuwemo, washuku wafanyabiashara. Surfers Paradise ya Australia iliitwa Elston mpaka 1933. Jina la sasa ni la hoteli iliyokuwa pale. Peacehaven, kusini mwa Uingereza, ilipata jina lake la kwanza kwa shindano la mwaka 1916 lililoandaliwa na mwenye ardhi. Mshindi alikuja na New Anzac-on-Sea, nalo halikumaliza hata miaka miwili, likafutwa, mji ukaitwa Peacehaven. Kwa miji ya aina hii achana na kamusi za lugha za kale. Fungua magazeti ya enzi hizo usome matangazo ya viwanja; uhondo wote umo humo.

Jina likiwemo kwenye ramani ya zamani, kazi inabadilika: saka tahajia kongwe kuliko zote, katika hati za kodi, za kanisa au za bandari. Tahajia ya leo haiaminiki. Ukiitazama Brighton ya Uingereza utadhani wanasifia jua lao, maana bright kwa Kiingereza ni kung'aa, kumbe hati ya 1086 imeandika Bristelmestune, yaani shamba la mtu aitwaye Beorhthelm.

Kisha nenda ukaitazame nchi yenyewe. Majina ya wavuvi na mabaharia hayana mapambo: Swakopmund ya Namibia ni mlango wa mto Swakop, basi, na Blackpool ya Uingereza ni maji yaliyotiwa weusi na mboji. Kama jina linataja rasi na wewe huoni rasi, usilikatae upesi, maana bahari hula pwani.

Mkia wa jina uchunguze peke yake, kwani mara nyingi ni mdogo kwa umri kuliko mwili. Bognor Regis ya Uingereza ilikuwa Bognor tu. Regis, yaani "ya mfalme" kwa Kilatini, iliongezwa 1929, baada ya Mfalme George wa Tano kupumzika huko akiuguza mapafu.

Maelezo mawili yakigongana, andika yote, na kando ya kila moja mwaka lilipoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi. Lililozuka baada ya watalii kuanza kuja, mimi huliweka la pili.