Falsafa yako ya kazi kwenye saikolojia ya michezo: anzia sesheni ya jana

Ukiwa mgeni kwenye hii kazi kuna siku kocha atakuuliza "we falsafa yako ni ipi?" na wengi hapo wanamwaga maneno ya darasani, mara mchezaji kwanza, mara ushirikishwaji, afu ukiwaona kwenye sesheni wanafanya vitu tofauti kabisa. Mi nashauri falsafa uiweke pembeni kwanza, andika ulichofanya.

Sesheni ikiisha, kabla hujashika simu, kaa na daftari. "Ilienda poa" haisaidii kitu, andika maneno yenyewe. Mfano mchezaji kasema "nikiweka mpira kwenye penati miguu inakuwa mizito," we ukamrukia na zoezi la kupumua hata hajamaliza. Sasa haraka ya nini? Ulimsikia kweli, au ukimya ulikutisha, au kocha alikuwa mlangoni ukataka akuone unachapa kazi? Jibu lako la hapo ndo falsafa unayotembea nayo kwa sasa, upende usipende.

Ukitaka mpangilio, mzunguko wa Gibbs wa 1988, yaani maswali ya kutafakari ulichofanya, unatosha: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilikaa sawa kipi hakikukaa, kwa nini, umejifunza nini, utafanyaje tena. Watu wanasimulia weee afu wanarukia mpango, hiyo "kwa nini" wanaipita kama hawaioni na kazi yenyewe iko hapo.

Kurasa za daftari zikishakuwa nyingi zisome kwa mkupuo, tafuta kinachojirudia. Mwaka 2004 wataalamu wa saikolojia ya michezo Poczwardowski, Sherman na Ravizza waliipanga falsafa ya kazi kwa ngazi tano: msingi ni imani na maadili yako, inafuata nadharia unayoamini kuhusu mtu anavyobadilika, halafu mtindo wa kazi na nafasi yako, malengo, ndo mbinu zinakuja mwisho. Wageni tunaanzaga na mbinu, ni kawaida, ila shuka nayo mpaka kwenye msingi: kama kila shida unaitibu kwa zoezi basi huenda unamwona mchezaji kama kitu cha kutengenezwa, je uko tayari kulisema hilo mbele yake?

Mpelekee msimamizi wako zile kurasa zinazokuaibisha (majina ya wachezaji toa), sio zile nzuri. Akuulize na hili: kocha akitaka kujua mchezaji alikwambia nini, unamjibuje? Ukishapata jibu la hilo andika falsafa yako kwa ukurasa mmoja tu, weka tarehe, na msimu ukiisha uukague ukiwa na kalamu nyekundu.