Jinsi ya kumwandikia barua mfungwa wa Marekani

Watu weusi ni kama 13% tu ya Wamarekani ila magerezani wanakaribia theluthi, na Marekebisho ya 13 ya katiba yao, 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa, ndo maana pale gereza la Angola, jimbo la Louisiana, palipokuwa shamba la watumwa, wafungwa wanalimishwa mpaka leo. Inauma sana. Mi nataka magereza yafutwe kabisa, hela ziende kwenye nyumba, shule na matibabu, lakini utadaije hivyo wakati waliomo ndani humjui hata mmoja? Anza na barua.

Tafuta jina kamili na namba yake ya mfungwa kwenye tovuti ya magereza ya jimbo husika. Soma masharti ya gereza lenyewe, mengi hayataki stika wala manukato, na kwingine barua inaenda kuskaniwa kwanza kwahiyo anuani siyo ya gerezani. Usiguse habari za kesi yake, maafisa wanasoma. Usimuulize alifanya nini, mwenyewe akitaka atasema. Na usiahidi usichoweza jamani, huyo mtu anaisubiri barua yako kweli kweli, kama ni moja kwa mwezi basi mwambie hivyo na uiandike.