Jinsi ya kumfuatilia mtoto aliyelazwa ili ujue mapema anapozidiwa

Mwili wa mtoto hupambana kwa kubana mishipa na kuongeza kasi ya moyo na pumzi, hivyo presha hubaki ya kawaida hadi karibu na mwisho. Muuguzi anayengoja presha ishuke ndipo amwite daktari anakuwa amechelewa. Anza na kinachobadilika mapema.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi kabla hujamgusa. Mwache mikononi mwa mama yake, nguo ipandishwe kifua kionekane, kisha hesabu dakika nzima. Pumzi za mtoto mdogo haziendi sawasawa. Kuhesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne kunadanganya. Akilia, subiri atulie. Pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Papo hapo tazama: kifua kinabonyea ndani? Pua zinatanuka? Anaguna kila anapotoa pumzi? Nawasihi wenzangu, tusijaze 30 kwa kila kitanda ili chati isibaki wazi.

Na hili likae kichwani: mtoto aliyekuwa na pumzi 64, sasa ana 24 na amelegea, hajapata nafuu. Amechoka kupumua. Ita msaada wakati huohuo.

Hatua ya 2: Pima oksijeni kwa kifaa kinachobana kidole. Chagua kidole chenye joto kisicho na hina wala rangi, na hakikisha mapigo ya kwenye kioo yanalingana na unayohesabu mwenyewe. Ikiwa chini ya asilimia 90, anza oksijeni. Ila tazama pia kama viganja vimepauka: mwenye malaria kali na upungufu mkubwa wa damu anaweza kuonyesha 98 ilhali mwili wake haupati oksijeni ya kutosha.

Hatua ya 3: Shika mikono. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 5, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, mikono ikiwa baridi na mapigo dhaifu ya haraka, huyo yuko kwenye shoku, yaani damu haifiki vya kutosha mwilini. Usikimbilie kufungulia dripu bila agizo. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliotoka 2011, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu (wa kuhara hawakuhusishwa) walikufa zaidi walipopewa maji mengi kwa haraka.

Hatua ya 4: Fahamu, sukari, joto. Yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii kabisa? Akishuka ngazi moja, pima sukari: chini ya 2.5 mmol/L, au 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, ni dharura. Joto la chini ya 35.5 linatisha kama homa.

Hatua ya 5: Linganisha, kisha piga simu. Soma namba za zamu iliyopita. Muulize mama, "Leo unamwonaje kuliko jana?" Akisema mwanawe kabadilika, pima upya hata kama chati ni nzuri. Mwenye dalili ya dharura apimwe kila dakika 15 hadi atulie.

Kwenye simu sema hivi: "Daktari, kitanda cha 6, miezi 9, nimonia. Saa 2 usiku pumzi 52, oksijeni 94. Sasa saa 4, pumzi 68, oksijeni 88, hanyonyi. Nimeanza oksijeni, naomba uje." Andika saa uliyopiga. Asipofika, piga tena, kisha mpigie aliye juu yake.